Namna ya Kuzichunguza Tabia za Maji kwa Vyombo vya Jikoni, na Kuona Jinsi Uhai Unavyozitegemea

Maji tunayachota, tunayanywa, tunayapikia na kuyafulia kila siku, na pengine mazoea hayo ndiyo yanayotuzuia kuyashangaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwalimu asiye na maabara, mzazi mwenye watoto wanaouliza maswali, na mtu yeyote anayetaka kuona kwa macho yake mambo ambayo vitabu huyataja kwa sentensi moja na kuyapita. Majaribio yote yanaweza kufanyika jikoni au uani, na kila moja nimeliunganisha na kiumbe, mwili, ziwa au shamba linalotegemea tabia ileile utakayoiona ndani ya glasi.

Kabla ya kuwasha moto, ni vizuri kuelewa jambo moja. Molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni zilizoshikana na atomu moja ya oksijeni, nazo hazikupangika katika mstari ulionyooka bali zimepinda kwa pembe ya nyuzi 104.5 hivi. Oksijeni huvuta elektroni kwa nguvu zaidi, kwa hiyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Matokeo yake ni kwamba kila molekuli huivuta iliyo jirani nayo. Mvuto huo huitwa bondi ya haidrojeni. Ni dhaifu ukiupima peke yake, tena hukatika na kuungana upya bila kukoma, lakini kwa kuwa umeenea katika maji yote, nguvu yake kwa jumla ni kubwa mno. Karibu kila utakachokiona hapa chini kinatokana na mshikamano huo.

Andaa sarafu, sindano ya kushonea, sabuni ya maji, bomba la sindano la mililita 10 au 20 lisilo na sindano yake, glasi kadhaa zinazoonyesha ndani, rangi ya chakula, chupa za plastiki, kitambaa cha pamba, mafuta ya nazi, na jiwe la mizani la chuma la kilo moja ambalo unaweza kuliazima dukani. Kipimajoto kinachofika nyuzi 100 za Selsiasi kitasaidia sana. Kile cha kupimia homa hakifai, kwa sababu kitaharibika au kupasuka kwenye maji ya moto. Andaa pia daftari, na uweke sharti moja tangu mwanzo: kila mtu aandike anachokitarajia kabla ya jaribio kufanyika. Mtoto aliyekisia na kukosea hulikumbuka jibu kwa miaka mingi, ilhali aliyesubiri kuambiwa hulisahau mapema.

Uso wa maji

Osha sarafu, ikaushe vizuri, uilaze mezani, kisha dondosha maji juu yake tone kwa tone kwa bomba la sindano huku ukihesabu. Wengi hukisia kwamba matone matano au kumi yatatosha kuyafanya maji yamwagike. Kwa kawaida sarafu hubeba mengi zaidi ya hayo, na ukiinama ukayatazama kwa ubavuni utaona maji yametuna juu yake kama kilima kidogo. Molekuli zilizo ndani huvutwa na nyingine kutoka pande zote, lakini zilizo juu kabisa hazina za kuzivuta kuelekea hewani, kwa hiyo huvutwa kando na ndani tu, na uso wote hukaza kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Wanafizikia huuita mvutano wa uso.

Sasa jaza bakuli safi, weka kipande cha karatasi laini juu ya maji na juu yake ulaze sindano ya kushonea. Karatasi ikilowa, izamishe polepole kwa ncha ya kijiti, na sindano itabaki imelala juu, ingawa chuma ni kizito karibu mara nane kuliko maji ya ujazo uleule. Itazame kwa makini, nawe utaona maji yamebonyea chini yake bila kuchanika. Kisha tia tone moja la sabuni pembeni mwa bakuli: sindano huzama mara moja. Sabuni imejipenyeza kati ya molekuli za juu na kuulegeza mshikamano wao. Ukitaka kurudia jaribio, suuza bakuli mara kadhaa, kwa sababu hata mabaki kidogo ya sabuni yataliharibu.

Asione mtu yeyote kwamba haya ni mambo ya jikoni tu yasiyo na uzito. Mwaka 1891 jarida la Nature lilichapisha barua ya Agnes Pockels, mwanamke wa Ujerumani ambaye hakusoma chuo kikuu, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichunguza uso wa maji nyumbani kwao kwa chombo alichokibuni mwenyewe. Alimwandikia mwanafizikia Lord Rayleigh wa Uingereza kumweleza alichokiona, naye akaipeleka barua hiyo ichapishwe. Njia aliyoianzisha ya kupima utando mwembamba juu ya maji ndiyo iliyozaa vifaa vinavyotumika maabara hadi leo.

Jaribio la sabuni lina sehemu ya pili, nayo hufanyika uani. Tafuta kopo lililosahaulika likiwa na maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu ndani yake. Utaona kwamba viluwiluwi huja juu kila baada ya muda: wale wa aina nyingi huning'inia kichwa chini, mrija wao wa kupumulia ukiwa umegusa uso wa maji, na wale wa Anofelesi, mbu waenezao malaria, hulala sambamba na uso huo. Ni mvutano wa uso unaowashikilia hapo wakati wanapovuta hewa. Tia matone machache ya sabuni ya maji katika kopo hilo, na baada ya muda utawaona wakishindwa kujishikiza na kuzama. Njia hii itumike kwenye maji ya kumwagwa tu. Maji ya kunywa yafunikwe, na bwawa la samaki lisitiwe sabuni hata kidogo.

Ndani ya kifua chetu tabia hiyohiyo ni hatari inayohitaji kudhibitiwa. Mapafu yana mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, na kuta za vifuko hivyo zimefunikwa utando mwembamba wa maji ambao, kwa mvutano wake, hutaka kuvifinya vijifunge. Mwili huzuia hilo kwa kutengeneza majimaji yanayofanya kazi kama sabuni. Mtoto njiti huzaliwa kabla mapafu yake hayajaanza kuyatengeneza ya kutosha, na kila pumzi kwake huwa ni kazi ya kuvifungua upya vifuko vilivyogandamana. Ni mwaka 1959 ambapo Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba upungufu huo ndio chanzo cha shida ya kupumua kwa watoto hao, na leo hospitali zenye uwezo huwapa watoto njiti majimaji hayo moja kwa moja mapafuni. Ninapoiona sindano ikizama baada ya tone moja la sabuni, huwakumbuka watoto hao.

Maji yanavyopanda

Kata ua jeupe lenye bua refu, au shina laini la mchicha, ulisimamishe katika glasi ya maji yenye rangi ya chakula nyingi. Liache hadi kesho yake. Ukilikata bua kwa kisu kikali utaona vidoa vya rangi mahali mishipa ilipopita, na kingo za petali zitakuwa zimeanza kubadilika rangi. Maji hushikamana na kuta za mishipa myembamba, tena hushikana yenyewe kwa yenyewe, kiasi kwamba molekuli moja inapotoka kwenye jani ikiwa mvuke huivuta inayofuata, na mnyororo wote hadi mizizini husogea juu.

Ili kulipa jambo hili uzito wake, fikiria pampu. Pampu inayofyonza maji kutoka juu, hata iwe bora namna gani, haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, kwa sababu ni uzito wa hewa ya dunia unaoyasukuma. Lakini kwenye mabonde ya Mlima Kilimanjaro wanasayansi walipima mti wenye urefu wa mita 81.5, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2016 kuwa ndio mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. Majani ya kileleni hupata maji kila siku bila mashine wala kelele, kwa sababu ya mshikamano uleule uliokiinua kilima cha maji juu ya sarafu yako.

Joto ambalo maji hulificha

Jaribio hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Weka jiwe la mizani la kilo moja ndani ya sufuria ya maji, uyachemshe, na uliache humo kwa dakika 15 ili chuma chote kifikie joto la maji yanayochemka. Pembeni, weka lita moja ya maji ya kawaida, yenye nyuzi 25 hivi, katika chombo cha plastiki. Waulize waliopo: tukilitia jiwe hili la moto katika lita moja ya maji, ambayo nayo ina uzito wa kilo moja, joto la mwisho litakuwa kiasi gani? Wengi hugawanya katikati na kusema nyuzi 60 na kitu. Litoe jiwe kwa koleo, lidondoshe majini polepole, koroga, kisha pima. Utapata nyuzi 32 hivi, au pungufu kidogo kwa kuwa jiwe hupoa njiani. Chuma kimepoteza karibu nyuzi 70, na maji yamepanda nyuzi saba tu. Mtu mzima ndiye ashike koleo, na maji hayo yamwagwe bila kunywewa, kwa sababu mawe ya mizani yanaweza kuwa yamezibwa kwa risasi upande wa chini.

Maana yake ni kwamba kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja huhitaji nishati ya kilojuli 4.18 hivi, ilhali chuma huhitaji kilojuli 0.45 tu na mchanga mkavu kilojuli 0.8 hivi. Nishati inayoingia majini hutumika kwanza kuilegeza mishikamano kati ya molekuli, na kipimajoto hakiioni. Kwa kuwa zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu mzima ni maji, jua la mchana au kazi ya jembe haituunguzi kutoka ndani kwa dakika chache kama ambavyo ingekuwa tungeumbwa kwa kitu chenye tabia ya chuma.

Watu wa mwambao wameishi na tofauti hiyo tangu kale. Wakati wa baridi ya kaskazini mwa dunia, nchi kavu ya Asia hupoa haraka na Bahari ya Hindi hubaki na joto lake, kwa hiyo hewa hutoka barani kuja baharini, na pepo za kaskazi huvuma kuelekea kwetu kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Majira yakigeuka, bara hupata moto upesi kuliko bahari, mkondo wa hewa hugeuka, na kusi huchukua nafasi. Majahazi ya Oman na Ghuba yalishuka kwa kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, yakasubiri, kisha yakarudi kwa kusi. Biashara yote ile, na ndoa, na maneno yaliyoingia katika lugha yetu, vilisafirishwa na upepo unaotokana na bahari kuwa nzito wa kupata joto na nzito wa kulipoteza.

Ukitaka kuliona kwa kiwango kidogo, nenda ufukweni saa sita mchana ukanyage mchanga mkavu, kisha uingie majini. Rudi saa nne usiku ufanye vilevile, uandike tofauti.

Mtungi na jasho

Chukua chupa mbili zinazofanana zilizojaa maji ya joto moja. Moja ifunge kwa kitambaa cha pamba kilicholoa, nyingine iache kavu, kisha uziweke kivulini mahali penye upepo kwa saa mbili, ukikiloweka kitambaa upya kila kinapokaribia kukauka. Chupa iliyofungwa itakuwa imepoa waziwazi. Kila molekuli inayotoka kwenye kitambaa kuwa mvuke lazima ijinasue na zile zinazoishika, na nishati ya kujinasua huichukua kutoka kwenye maji yanayobaki. Kuigeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260, yaani takriban mara saba ya zile zilizohitajika kuyatoa kwenye nyuzi 25 hadi kuchemka.

Mtungi wa udongo hufanya kazi hiyohiyo bila kitambaa, kwa kuwa maji hupenya taratibu kwenye vitundu vya udongo na kukauka upande wa nje. Kwa sababu hiyo nashauri mtungi usipakwe rangi ya mafuta hata kama utapendeza. Rangi huziba vitundu, na mtungi hugeuka ndoo. Mtungi huohuo pia hupoza vizuri zaidi Dodoma wakati wa kiangazi kuliko Unguja wakati wa masika, kwa sababu hewa iliyojaa unyevu haipokei mvuke mwingi zaidi.

Mwili wetu nao ni mtungi. Jasho linalokauka juu ya ngozi hubeba joto kwenda nalo, lakini jasho linalochuruzika hadi chini halipozi kitu. Ndiyo maana nyuzi 32 za Mombasa zenye unyevu mwingi humchosha mtu kuliko nyuzi hizohizo mahali pakavu, na ndiyo maana anayefanya kazi juani katika hali hiyo anahitaji kivuli na upepo pamoja na maji ya kunywa.

Kuchemka

Hapa nitapita haraka. Vuta mililita tatu hivi za maji ya moto, ya nyuzi 70 hivi, ndani ya bomba la sindano, toa hewa yote, ziba mdomo wake imara kwa kizibo, kisha vuta mchi wa bomba nyuma kwa nguvu. Maji yataanza kutoa mapovu kama yanayochemka, ingawa hayako motoni. Baadhi ya mapovu hayo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka humo, lakini mengine ni mvuke halisi, kwa kuwa kanieneo, yaani msukumo juu ya uso wa maji, ikipungua molekuli huhitaji joto dogo zaidi kutoroka. Huko juu milimani hewa ni nyepesi, na kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban nyuzi moja kila mita 300 unazopanda: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, na kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, yangechemka kwenye nyuzi 80 na kitu. Maharage hukawia kuiva nyanda za juu kwa sababu hiyo. Vijidudu vya maradhi lakini hufa hata kwenye joto hilo, kwa hiyo maji ya kunywa yaliyochemshwa barabara Mbeya au Nairobi ni salama kama yale ya pwani.

Barafu inayoelea

Jaza chupa ya plastiki maji hadi karibu robo tatu, weka alama ya kalamu mahali yalipofika, uisimamishe katika friza. Usitumie chupa ya kioo, kwani itapasuka. Kesho yake barafu itakuwa juu ya alama, kwa sababu maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Sasa linganisha na mafuta ya nazi. Gandisha kijiko kimoja cha mafuta hayo katika jokofu, kisha dondosha donge lake ndani ya glasi ya mafuta ya nazi ya maji: litazama hadi chini. Hivyo ndivyo karibu kila kitu kinavyofanya kikiganda. Maji ni tofauti, kwa kuwa mishikamano yake ikitulia huzipanga molekuli mbalimbali kidogo, kwa umbo la wazi lenye nafasi katikati, na barafu huwa nyepesi kuliko maji iliyomo.

Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, maji yaliyofikia joto hilo hushuka chini ya ziwa, yale yanayozidi kupoa hubaki juu, na barafu hujengeka kuanzia juu ikiwa kama blanketi. Samaki hukaa chini wakiwa hai. Kama barafu ingekuwa inazama kama donge la mafuta ya nazi, ingerundikana kutoka chini hadi juu. Kwetu sisi madhara ya kupanuka huko huonekana zaidi kwenye nyanya iliyosahaulika ndani ya friza: ikiyeyuka huwa bwete, kwa sababu barafu imezipasua seli zake.

Ukiwa bado una friza wazi, fanya jaribio la Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliotiwa ukiwa wa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake uliopoa kwanza. Alipouliza alichekwa, lakini hakuliacha swali lake. Alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne, nao wakachapisha makala pamoja mwaka 1969. Wanasayansi hadi leo wanabishana kuhusu lini na kwa nini jambo hilo hutokea, na wapo waliojaribu kwa uangalifu bila kuliona. Weka vikombe viwili vya ujazo sawa, kimoja cha maji ya moto na kingine cha maji baridi, virudie mara tano au zaidi, na uandike matokeo yote, pamoja na yale usiyoyapenda.

Matabaka ya ziwa

Jaza glasi nusu kwa maji baridi ya jokofu. Chukua maji ya uvuguvugu yenye rangi, uyamimine taratibu sana juu ya kijiko kilichogusa uso wa maji baridi. Rangi itabaki juu, ikitenganishwa na maji baridi kwa mstari unaoonekana. Katika glasi nyingine fanya kinyume, maji baridi yenye rangi juu ya maji ya uvuguvugu, na utaona yakiporomoka na kuchanganyika papo hapo. Rudi kwenye glasi ya kwanza, upulize kwa mrija ukiwa umeulaza kando ya uso, na utazame mstari ule ukiinama na kuyumba.

Ulichokitazama ni mfano wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, na maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 26 hivi ilhali ya chini kabisa hubaki kwenye nyuzi 23 na kitu. Tofauti ya nyuzi tatu yaonekana ndogo, lakini maji yaliyo na joto la kitropiki hubadilika uzito kwa kila nyuzi moja kuliko maji yaliyo karibu na kuganda, kwa hiyo inatosha kuyatenga matabaka kwa mwaka mzima. Oksijeni huishia kwenye kina cha mita 100 hadi 200 hivi, na chini ya hapo hakuna samaki. Mabaki ya viumbe vyote huzama huko, pamoja na rutuba yake.

Rutuba hiyo hurudi juu kwa kazi ya upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba hivi upepo wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, mstari wa matabaka huinama kama ulivyoinama katika glasi yako, na maji ya chini hukaribia juu upande wa kusini. Mimea midogo ya majini hupata chakula, wadudu wadogo huila, dagaa huwala wadudu, na migebuka huwala dagaa. Soko la samaki la Kigoma, la Bujumbura, la Kalemie na la Mpulungu yote hutegemea mstari huo usiwe mgumu kupita kiasi. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kwamba kadiri hali ya hewa inavyopata joto, maji ya juu yamekuwa mepesi zaidi, mchanganyiko umepungua, na uzalishaji wa ziwa umeshuka pamoja nao. Mvuvi anayelalamika kwamba ziwa halitoi kama zamani anastahili kusikilizwa hata kwa upande wa fizikia, mbali na suala la nyavu na idadi ya mitumbwi.

Hewa iliyomo majini nayo hufuata joto. Acha glasi ya maji baridi juani, na baada ya saa moja utaona vipovu vidogo vimejipanga kwenye kuta zake: ni hewa inayofukuzwa. Lita moja ya maji yenye nyuzi 0 huweza kubeba miligramu 14.6 za oksijeni, lakini yakiwa na nyuzi 30 hubeba miligramu 7.5 tu. Mfugaji wa perege anapowakuta samaki wake alfajiri wakitweta juu ya bwawa, hali hiyo ndiyo huwa mara nyingi sababu, kwa kuwa usiku kucha mimea na vijidudu vya bwawa vimetumia kidogo kilichokuwapo. Apunguze chakula, kwa sababu kinachobaki huoza na kula oksijeni, na ayafanye maji yanayoingia yaanguke kutoka juu ili yabebe hewa.

Yaliyoyeyuka yasiyoonekana

Jaribio la mwisho ni rahisi kuliko yote. Chukua sahani tatu safi za rangi ya giza. Katika ya kwanza weka vijiko vitatu vya maji ya mvua, katika ya pili maji ya bomba, katika ya tatu maji ya kisima, uzifunike kwa chandarua na uziache juani hadi zikauke. Maji ya mvua huacha alama ndogo sana au hayaachi kitu, lakini ya kisima huacha pete nyeupe. Molekuli za maji, kwa chaji zake mbili, huzizunguka chembe za chumvi na kuzichomoa moja moja kutoka kwenye mwamba. Ni kwa uwezo huo damu hubeba sukari na chumvi hadi kwenye kila seli, na mizizi hufyonza madini ya udongo. Mafuta, yasiyo na chaji za namna hiyo, hubaki nje, na kwa hiyo utando wa mafuta waweza kuizunguka seli bila kuyeyuka.

Lakini maji hayachagui cha kuyeyusha. Katika maeneo ya Arusha na miteremko ya Mlima Meru, na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, maji hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floraidi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekua akinywa maji yaliyozidi sana hapo huota meno yenye madoa ya kahawia, na miaka ikizidi mifupa nayo huweza kuathirika. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua kwa mvuke na floraidi yote hubaki sufuriani, ikiwa imekolea zaidi. Pete iliyo kwenye sahani yako haiwezi kukuambia kama imo au haimo, kwa kuwa floraidi haina rangi, ladha wala harufu. Kama unaishi maeneo hayo, au kisima chako ni kipya, jaza chupa safi ya lita moja uliyoisuuza kwa maji hayohayo, andika juu yake mahali na tarehe ulipoyachota, uipeleke maabara ya maji ya mkoa, na uombe kipimo cha floraidi kwa jina lake. Majibu yakizidi kiwango, watoto wadogo wapewe kwanza maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri na kutibiwa, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, nayo ya kisima yabaki kwa kufulia.